Kovu la Ubavuni Mwangu

Temeke

Mke mwenzangu Rehema,

Salamu nyingi huko kwenye baridi. Sisi huku wazima. Mjomba wako kapona mafua, na mdogo wako kaposwa.

Wewe unayesomea upasuaji umeniuliza kovu hili nililipataje, na kama niliogopa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mnene kuliko wanawake wote wa mtaani. Lori la mbao nililopanda lilipinduka Barabara ya Pugu, mbavu zangu zikavunjika vipande vipande. Kila nikivuta pumzi, ubavu ulibonyea ndani. Hospitalini walinifunga plasta, ikaachia, ikabaki kunipasua tu.

Daktari, Mzungu, akamwambia nesi nami nasikia, "Kwa unene huu, nikimpa dawa ya usingizi hataamka."

Nesi Agnes, binti wa Songea, akaniinamia. "Dada, nyumbani huwa unalalaje?"

Tangu niletwe, hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Nikamwambia nalala nimeegemea mito, maana nikilala chali nakosa pumzi.

"Basi tumwinue kifua, bwana daktari," akasema.

Daktari akavuta kiti, akaniuliza mwenyewe. Kesho yake walinipasua nikiwa nimeinuliwa hivyo hivyo, mbavu wakazifunga kwa waya.

Niliogopa sana, mjukuu wangu. Lakini Agnes alinishika mkono mpaka usingizi uliponichukua, nikajiona mtu, si mzigo.

Mwaka uliofuata nilimzaa mama yako. Agnes alikuja kumpakata.

Mungu aitulize mikono yako.

Bibi yako,
Mwanaidi