Akina Mama Kumi na Mmoja Niliowatunga

Jumapili asubuhi. Ukungu umelala bondeni tangu alfajiri na hauna haraka. Nimekaa kibarazani hapa Kimihurura, mtaa wa Kigali, na chai yangu inayopoa, na ninawaona tena.

Wanapanda polepole kutoka upande wa Gikondo, akina mama kumi na mmoja. Mmoja ana kitenge cha njano. Yule nilimpa watoto watatu. Mwingine nilimpa mume fundi wa magari na jiko la mkaa mlangoni. Nawajua vizuri kwa sababu niliwatunga mimi.

Ndiyo, niliwatunga.

Kazi yangu ni kuhoji. Natumwa Gikondo kuwauliza akina mama wanaoishi karibu na gereji kama watoto wao wanakohoa, ili ijulikane kama moshi na rangi za kupulizia magari zinawadhuru. Mwezi uliopita zilibaki nyumba kumi na moja, za chini kabisa kwenye mteremko. Mvua ilikuwa imenyesha na mimi ni mvivu wa matope. Basi Jumamosi asubuhi nikajifunika blanketi, nikafungua tableti, nikajaza majibu mwenyewe.

Aibu yangu ni kwamba niliona raha. Niliwapa watoto majina mazuri. Nikawapenda, na kwa kuwa niliwapenda sikutaka waugue. Kila nilipofika kwenye swali la kikohozi niliandika hapana.

Mara kumi na moja.

Mimi ni mtu wa Bukoba. Miaka miwili Kigali, na umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bado kwangu ni asubuhi ya kulala. Tableti hujiandikia siku na saa yenyewe. Juzi Ijumaa, Janvier, anayekagua majibu ofisini, alisogeza kiti karibu nami, akanionyesha tarehe ya majibu yangu.

“Dada Koku, Jumamosi hii ilikuwa ya umuganda. Saa mbili watu yote iko nje na majembe. Wewe ulikuta nani ku nyumba?”

Akaongeza kwa upole kwamba hajamwambia daktari, mkuu wa utafiti, ameniachia mimi. Upole wake uliniuma kuliko ngumi.

Jumatano daktari anafunga hesabu ya watakaopimwa mapafu. Akiona upande wa chini hakuna anayekohoa, watoto wa kule hawatapimwa.

Jana nikateremka. Sikwenda kuhoji, nilitaka tu kuiona nyumba ya kwanza. Mlangoni alisimama mama mwembamba asiye na kitenge cha njano. Aliitambua fulana yangu ya kazi, akanivutia kigoda.

“Karibu. Tulikuwa tunakungojea. Tulifikiri mulitusahau.”

Nyuma yake mtoto wa kike alikohoa, akashika ukuta, akakohoa tena. Sikuwa nimeuliza swali lolote.

Nimemwandikia daktari kila kitu, na jina langu chini. Kazi huenda ikaota mbawa, na nyumbani nitasema nini sijui. Naogopa, tena sana. Dakika nzima kidole kilining'inia juu ya simu, nikawaangalia wale wanawake wangu kwenye ukungu kana kwamba wangenikataza.

Nimetuma.

Jua limeshika bonde sasa. Kitenge cha njano kimeyeyuka, na wenzake wote. Yamebaki mabati ya Gikondo yanayong'aa, na chini ya bati moja kuna mtoto anayekohoa ambaye sikumtunga.