Mjadala wa Mashirika ya Ndege ya Kitaifa na Kiti Kilichobaki Wazi

CHAMA CHA MJADALA CHA JUMAMOSI, KIBERA NA KAWANGWARE

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Jumamosi, tarehe 9 Februari 2008, katika chumba cha nyuma cha kanisa, Olympic, Kibera, kuanzia saa nane na dakika ishirini mchana. Kwa mujibu wa zamu, kikao kilipaswa kufanyika Kawangware. Sababu za kukihamisha zilijulikana na wote na hazikujadiliwa.

WALIOHUDHURIA
Mwalimu Awiti, mwalimu mstaafu, Olympic – Mwenyekiti
Bw. Kavoi – Katibu
Bi. Muthoni, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha, Kawangware – Mweka Hazina
Bw. Murunga, seremala
Bw. Eugene, karani, Nyayo Highrise
Bi. Yvonne, mwenye saluni, Olympic
Bw. Ndululu, fundi viatu, Gatwekera

WALIOTUMA UDHURU
Bw. Ishmael (alituma ujumbe kwamba barabara ilikuwa na mawe)
Bw. Mbuvi (yuko Kitui na hajasema atarudi lini)

ASIYEHUDHURIA BILA UDHURU
Bi. Kanini

KUMB. NA. 1/02/2008: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala. Sala ilikuwa fupi, kwa kuwa ile ya kikao kilichopita ilibainika baadaye kuwa na upande.

KUMB. NA. 2/02/2008: KANUNI YA MUDA

Mwenyekiti aliwakumbusha wanachama kwamba, mpaka nchi itulie kutokana na ghasia zilizoanza Desemba, ni marufuku kikaoni kutaja uchaguzi, ardhi, kabila au kodi ya nyumba. Alieleza kwamba mada ya leo, yaani kwa nini mashirika ya ndege ya kitaifa hushindwa kushindana katika safari za kimataifa, ilichaguliwa kwa sababu hakuna mwanachama mwenye ndege, na kwa hiyo hakuna atakayeumia.

KUMB. NA. 3/02/2008: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Bw. Murunga aliomba anwani yake ibadilishwe katika daftari la wanachama, kutoka Kawangware, kwenye ploti ya Bi. Muthoni, kwenda Gatwekera, kwa shemeji yake. Aliongeza kwamba shemeji ni mtu mwema, ila chumba ni kimoja na benchi ya useremala haiingii. Benchi hiyo, pamoja na vifaa vyake vyote vya kazi, imebaki Kawangware.

Bi. Muthoni aliomba iandikwe kwamba yeye hakumfukuza mtu. Alimwomba Bw. Murunga apumzike kwingine kwa muda, kwa usalama wake.

Bw. Murunga aliuliza kama kuna aliyemwona amechoka.

Mwenyekiti aliamua kwamba suala hilo linaangukia ndani ya Kanuni ya Muda na akalifunga. Anwani iliachwa kwa Katibu kuishughulikia.

KUMB. NA. 4/02/2008: HOJA NA WASEMAJI WAKUU

Hoja iliyosomwa ni hii: "Mashirika ya ndege ya kitaifa hushindwa katika safari za kimataifa kwa makosa yao wenyewe." Pande zilipangwa kwa kura ya vijiti, kama ilivyo desturi. Kijiti cha kuunga mkono kilimwangukia Bw. Murunga, na cha kupinga kilimwangukia Bi. Muthoni. Mwenyekiti alipendekeza vijiti vichanganywe upya. Bw. Ndululu alisema, "Mwalimu, tukianza kurudia vijiti hatutaacha," na pendekezo likaondolewa.

Katibu alisoma Kanuni ya 9, inayosema kwamba msemaji hawezi kujibu hoja ya mpinzani kabla ya kuirudia kwa maneno yake mwenyewe, na mpinzani kukiri kwamba ndivyo alivyosema. Kanuni hii ilitungwa baada ya wanachama wawili kubishana kikao kizima na kugundulika mwishoni kwamba walikuwa wanakubaliana.

Bw. Murunga alieleza kwamba shirika la taifa hurusha ndege mahali ambapo hakuna abiria, ili bendera ionekane huko. Mkubwa fulani hutaka ndege iende mji fulani, nayo huenda, viti vikiwa vitupu. Wafanyakazi huajiriwa kwa kujuana. Lakini kosa kubwa, alisema, si hayo. Kosa kubwa ni kumzoea abiria wa nyumbani. Mgeni hubembelezwa, ilhali mwenyeji huambiwa asubiri, kwa kuwa inadhaniwa hana pa kwenda.

Bi. Muthoni, akipinga, alieleza kwamba shirika haliko peke yake angani. Mafuta hununuliwa kwa dola, na tiketi huuzwa kwa watu wanaolipwa kwa shilingi. Katika viwanja vikubwa vya Ulaya, saa nzuri za kutua ziligawanywa zamani kwa waliotangulia, na aliyechelewa hupewa saa ambayo hata jogoo amelala. Mashirika ya Ghuba nayo yamejijengea kituo kikuu jangwani, na hapo hukusanya watu wa kila bara na kuwagawa upya. "Sasa wewe na ndege yako ya kutoka Nairobi utafanya nini?" aliuliza. "Kuna nguvu zingine hauwezi simama mbele yake. Si kupenda."

Bw. Murunga alionekana kuandika maneno hayo mawili ya mwisho kwenye kiganja chake.

KUMB. NA. 5/02/2008: MICHANGO YA WANACHAMA

5.1 Bw. Eugene, ambaye ndiye mwanachama pekee aliyewahi kupanda ndege, aliomba nafasi ya kutoa ushuhuda. Mwenyekiti alimwomba aanzie pale ambapo ndege ilikuwa tayari imepaa, kwa kuwa kikao kinaifahamu sehemu ya kwanza. Bw. Eugene alikiri kwamba alisafiri na shirika la kigeni, akapitia Ghuba na kukaa huko saa tisa akingoja ndege ya pili. Alipoulizwa kwa nini hakupanda ya nyumbani, yeye ambaye ana bendera ya taifa sebuleni, alijibu, "Bei."

Bi. Yvonne aliuliza kuhusu blanketi lenye nembo ya shirika hilo, ambalo Bw. Eugene hulivaa mabegani wakati wa baridi. "Bro, hiyo walikupea ama ulijipea?" Bw. Eugene alijibu kwamba hakuna aliyemkataza. Mwenyekiti alisema kwamba hilo si jibu, kisha akaruhusu mjadala uendelee.

5.2 Bw. Ndululu alisema kwamba shirika la taifa ni kama duka la shemeji: kila mtu hulisifia na hakuna anayenunua humo, ila siku likifungwa watu hulia barabarani.

5.3 Katibu aliombwa afafanue tofauti kati ya kiti cha ndege na bidhaa nyingine. Alieleza kwamba kabichi isiyonunuliwa asubuhi huweza kuuzwa jioni kwa hasara. Kiti cha ndege hakina jioni. Mlango ukifungwa kikiwa kitupu, thamani yake imekwisha na haiwezi kuwekwa akiba. Shirika lenye kituo kikuu hukijaza kiti hicho kwa watu wa miji mingi. Mji mmoja ukiwaka moto, mingine hubaki. Shirika la taifa hutegemea zaidi utulivu wa nchi moja. Alitoa mfano wa watalii waliofuta safari zao mwezi Januari baada ya kutazama habari. Mwenyekiti alimwonya Katibu kwamba amekaribia mpaka wa Kanuni ya Muda. Katibu anaandika onyo hilo bila pingamizi.

5.4 Bw. Murunga, akihitimisha, alisema amesikia habari za kituo kikuu na za dola, na hazikatai. Hata hivyo, shirika huanguka hasa siku linaposikia uvumi wa dhoruba na kumshusha kwanza abiria wake wa miaka yote, kwa kuwa linajua huyo hatapiga kelele.

Bw. Ndululu: "Samahani Mwalimu, hii bado ni ndege ama ni ploti?"

Mwenyekiti alijibu kwamba ni ndege.

KUMB. NA. 6/02/2008: MARUDIO YA HOJA CHINI YA KANUNI YA 9

Bi. Muthoni alisimama ili ajibu, na alitakiwa kwanza kuirudia hoja ya mpinzani.

Mara ya kwanza alisema, "Bw. Murunga anasema mashirika haya yana wasimamizi wabaya." Bw. Murunga alikataa. "Sijasema wabaya. Mimi najua msimamizi mzuri. Mtoto wangu akiugua, yeye ndiye alitafuta teksi."

Mara ya pili alisema, "Anasema dhoruba haikuwepo." Bw. Murunga alikataa tena. "Dhoruba ilikuwepo, mama. Ilikuja mpaka kwa geti. Mimi niliiona kwa dirisha."

Bw. Eugene alipendekeza kanuni isimamishwe ili kuokoa wakati. Bi. Yvonne alimwambia Bi. Muthoni, "Mathe, jaribu tena tu. Uko karibu."

Bi. Muthoni alivua miwani. Kisha alisema maneno yafuatayo, ambayo Mwenyekiti aliagiza yanukuliwe jinsi yalivyo:

"Anasema hivi. Shirika liliambiwa na watu fulani litoe abiria fulani. Likaogopa. Na badala ya kumwambia, 'Naogopa,' likamwambia, 'Ni kwa usalama wako.' Likamshusha, mzigo wake likabaki nao. Na hicho kiti hakuna mtu amekikalia. Kila asubuhi linakipita hapo, kiko wazi tu."

Bw. Murunga: "Hiyo ya kila asubuhi sikuisema."

Bi. Muthoni: "Najua."

Mwenyekiti alimtaka Bw. Murunga atamke kama anakiri kwamba hoja imerudiwa ipasavyo. Alikiri, pamoja na sehemu ambayo hakuisema.

Bi. Muthoni alipewa dakika tano za kujibu. Alisema hana jibu, akaketi. Katibu anathibitisha kwamba jambo hili halijawahi kutokea tangu Kanuni ya 9 ipitishwe.

KUMB. NA. 7/02/2008: UAMUZI NA MKATE WA MSHINDI

Mwenyekiti aliwataka wanachama wapige kura kwa kuinua mikono. Bw. Ndululu aliuliza ni nani atakayehesabu. Bw. Eugene alijitolea, na akakataliwa na pande zote mbili kwa sauti moja. Huo ulikuwa muafaka wa kwanza wa siku. Bi. Yvonne aliuliza, "Na tukikataa matokeo?" Baada ya kutafakari, Mwenyekiti aliamua kwamba kura ni uchaguzi, na uchaguzi umekatazwa na Kanuni ya Muda. Hoja ilibaki bila mshindi.

Swali likawa mkate. Kwa desturi, mshindi hupewa mkate mzima, na wa leo uliletwa na Bi. Muthoni kutoka Kawangware. Ilikubaliwa ugawanywe nusu kwa nusu, lakini kisu hakikuwepo, kwa kuwa tangu Januari hakuna chombo chenye makali kinachoruhusiwa kikaoni. Pendekezo la kuumega kwa mkono lilikataliwa na Mwenyekiti, aliyesema kwamba amefundisha miaka thelathini na hajaona nusu ya kumega ambayo haikuleta kesi.

Bi. Muthoni aliomba kusema. Alisema kisu kiko jikoni kwake. Ataurudisha mkate Kawangware, na Bw. Murunga aje Jumatatu achukue nusu yake, na ufunguo wa chumba chake.

Bw. Murunga: "Jumatatu mkate utakuwa umekauka."

Bi. Muthoni: "Basi njoo kesho, ukitoka kanisani. Nitakuwa hapo kwa geti mwenyewe."

Bw. Ndululu: "Na wale vijana waliokuja kwa geti?"

Bi. Muthoni: "Wale nimewajua wakitambaa. Mwenye anataka kupita, apitie kwangu kwanza. Nitawaambia vile nilikuwa niwaambie siku ile."

Mwenyekiti alikumbuka kwamba kodi ya nyumba ni mada iliyokatazwa, akauliza kama kuna aliyesikia ikitajwa. Hakuna aliyesikia.

Bw. Eugene na Bw. Ndululu walijitolea kumsindikiza Bw. Murunga hadi Kawangware. Bw. Eugene alisema atabeba blanketi, maana benchi itakuwa na vumbi.

KUMB. NA. 8/02/2008: MENGINEYO NA KUFUNGA

Bw. Murunga aliuliza kama anwani yake imekwisha kubadilishwa katika daftari, kulingana na KUMB. NA. 3. Katibu alieleza kwamba bado, kwa sababu kalamu ilimsumbua tangu mwanzo wa kikao. Mwenyekiti aliitazama kalamu, kisha akatazama kurasa ambazo Katibu alikuwa amezijaza. Iliamuliwa kwamba anwani ibaki ya Kawangware.

Kikao kilifungwa saa kumi na dakika arobaini, mapema, ili kila mmoja afike kwake kabla ya giza. Sala ya kufunga iliongozwa na Bw. Murunga kwa ombi la Bi. Muthoni. Haikuwa na upande.

Imethibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

Awiti ........................ Mwenyekiti

Kavoi ........................ Katibu