Kiboko Hayumo Rafuni

Jumatano, 15 Aprili 2020

Sudi kamnawisha kuku. Sasa hivi tu! Kamkamata tetea wa Mama Asia jirani, kambana kwapani, kampaka sabuni miguu yote miwili, kisha anamhesabia hadi ishirini kama alivyofundishwa. Akifika kumi na tano anapotea, anaanza upya. Kuku wa watu kanawa mpaka kachoka. Mama Asia anasema mwanangu atakuwa daktari. Nikamwambia au mchinjaji, tusubiri kwanza atimize miaka mitano.

Naandika humu kwa sababu Bi Veronika, mkutubi wetu, kanipa hili daftari kubwa la orodha za zamani. Nyuma kurasa ni tupu. Kasema niandike kila ninapopata nafasi, maana mwandiko wangu umeanza kufanana na njia ya konokono.

Leo maktaba imefunga mlango ila haijafunga. Ndiyo, hivyo hivyo. Wasomaji hawaingii tena ndani kwa ajili ya korona. Sasa ni dirishani. Mtu anakuja, ananawa kwenye ndoo ya koki, anasimama kwenye mstari wa chokaa, anataja kitabu. Bi Veronika anakitafuta, mimi nampa mtu. Mimi mfanya usafi, kidato cha pili sikumaliza—leo nimegawa vitabu kumi na tisa! Kijana mmoja kaniita madamu. Sikumrekebisha.

Sudi kauliza tena lini tunakwenda Kilambo kwa bibi. Tulizoea kila mwezi. Mama kasema kwenye simu nisithubutu kuleta mguu kule, sisi watu wa mjini tuna korona. Nikamwambia na wewe usije basi. Kasema nani kakwambia nakuja? Kakata simu. Ndiyo mama yangu huyo.


Jumanne, 21 Aprili

Kitabu kikirudi hakiguswi siku tatu. Bi Veronika alitaka maboksi yenye tarehe, lakini maboksi yetu mchwa walishayasoma yote. Nikaleta kanga zangu za zamani. Vitabu vya Jumatatu chini ya kanga nyekundu, Jumanne ya kijani, Jumatano ya njano, hivyo hivyo. Siku tatu zikiisha, kanga inafunuliwa, vitabu tunavianika uani juu ya jamvi nusu saa, ndiyo vinarudi rafuni. Ni kama makopa tu! Muhogo unaumenya, unaukata, unauanika, unaugeuza. Bi Veronika kwao Njombe, kwenye baridi, makopa hajawahi kuanika. Alivigeuza vitabu kwa ncha za vidole kama vinang'ata. Nilicheka mpaka nikamwomba radhi.

Mzee Stefano mlinzi kazi yake ni kufukuza kuku na mbuzi. Leo kasinzia, mbuzi kala jalada la kitabu cha uraia. Mzee Stefano kasema basi mbuzi yule sasa kanizidi elimu. Bi Veronika hakucheka. Kaandika.

Saa ya hadithi ya Jumamosi nayo haipo tena, watoto wasikusanyike. Badala yake Bi Veronika kaunda kundi la Watsapu la wazazi, kila jioni anasoma hadithi kwenye simu yake na kuituma. Anasoma vizuri, nukta anaheshimu. Sudi kasikiliza kidogo, kaniangalia kwa huruma. Mama, nani kafa?


Ijumaa, 24 Aprili

Jamani. Jamani jamani.

Jioni Sudi alitaka hadithi. Na mwanangu hadithi isiyotoka kitabuni haikubali, anasema ya uongo. Nikachukua kitabu kilichokuwa karibu, nikakifungua, nikajifanya nasoma. Kitabu kinahusu ufugaji wa nyuki. Mimi nikasoma: Hapo Kilambo palikuwa na kiboko.

Huyo kiboko kabeba kapu la makopa mdomoni, anampelekea bibi yake ng'ambo ya mto. Kuogelea anajua, lakini makopa yatalowa. Anakwenda kwenye boti. Mwenye boti anamwambia, taja jina niandike. Kiboko: mmm! Nawa basi. Mmm! Tua kapu. Mmm!—chini tope tupu. Anamgeukia mama mmoja amshikie kapu, mama anaruka nyuma: silishiki, kuna korona! Anamgeukia mzee, mzee naye nyuma. Basi kasimama pale, mdomo umejaa.

Sudi alicheka mpaka kaanguka mkekani. Yote hayo nilikuwa narekodi kwa simu, nimpelekee baba yake. Hashimu siku hizi anashinda kijiweni na bajaji yake, abiria hakuna, nilitaka acheke kidogo.

Nikatuma kwa kundi la maktaba.

Wazazi arobaini na watatu! Nikabonyeza kufuta haraka haraka—nikafuta kwangu tu. Kwangu haipo. Kwa wengine wote ipo!

Hashimu kaja, kaniuliza mbona nimejifunika shuka na joto hili.


Jumamosi, 25 Aprili

Hawajanicheka. Wameomba nyingine! Mama Pendo wa Shangani anasema mwanawe anakula sasa kwa sharti la kiboko. Baba mmoja kaandika kwa herufi kubwa: KAVUKA AU HAJAVUKA?

Bi Veronika kaandika moja tu. Mwanaidi, hongera. Ni kitabu gani hicho?

Nikajibu kiko hapo hapo maktaba. Kwa nini nilijibu hivyo? Sijui. Niliona aibu kusema nilikuwa nasoma nyuki.


Jumatano, 29 Aprili

Ramadhani imeingia, nina kiu, na watu sita leo wamekuja dirishani kuomba kitabu cha kiboko.

Bi Veronika ana daftari la maombi. Kila kitabu kinachoombwa na hakionekani anakiandika, pamoja na jina la mwombaji. Kiboko sasa kajaza ukurasa. Kisha anakisaka. Kaanzia rafu ya watoto, kahamia wanyama, kahamia jiografia kwa ajili ya mto. Na nani anamshikia ngazi? Mimi! Ananiuliza, jalada lilikuwa la rangi gani? Nikasema njano. Kweli lilikuwa la njano. La nyuki.

Nimefunga mdomo kwa chakula, uongo unapita tu. Mungu anisamehe.


Ijumaa, 8 Mei

Mambo yameharibika.

Waombaji ni kumi na mmoja. Rafu zote zimesakwa mara mbili. Sasa Bi Veronika kaamua kitabu kimepotea, na kimepotea uani, wakati wa kuanika. Nani alikuwa mlinzi? Nani alisinzia mbuzi akala uraia? Kamwita mzee Stefano mbele yangu. Kamwambia Jumatatu anaandika barua kwa wakubwa, kitabu cha Serikali hakiwezi kuliwa hivi hivi.

Mzee Stefano hakujitetea. Alivua kofia tu, kasema, mama, huenda ni kweli, macho yangu siku hizi si ya kuyaamini. Mzee wa watu anakubali kosa ambalo hata halipo!

Nilikuwa nimeshika fagio. Nikafagia mahali palepale mpaka sakafu ikanishangaa.

Nikisema ukweli, kibarua changu kwisha. Nani atamweka dirishani mtu anayewatafutisha wakubwa kitabu cha hewa? Na ule umadamu wangu, basi. Nisiposema, mzee Stefano anaondoka kwa ajili ya kiboko wangu.

Nimemwambia Hashimu. Kasema sema. Nikamwambia wewe unaendesha bajaji, kwako rahisi. Kasema hata bajaji ikikosea njia inageuzwa, mama Sudi, tena inageuka pale pale ilipo.


Jumatatu, 11 Mei

Nimesema.

Nilifika mapema kabla hajashika kalamu ya barua. Nilisimama kwenye mstari wa chokaa, nje, dirishani, kama msomaji. Nikamwambia Bi Veronika, kitabu hakijaliwa. Hakipo. Hakijawahi kuwepo. Nilikuwa nimeshika nyuki, nikatunga.

Barakoa usoni, sioni kama ananuna au vipi. Kaniuliza polepole: yaani nimepanda ngazi siku kumi, mimi na magoti yangu haya, natafuta kitu kilicho kichwani mwako? Nikasema ndiyo, mama. Na wewe ukanishikia ngazi? Nikasema nilishika vizuri, mama, hukuanguka.

Hapo akaketi. Mabega yakawa yanacheza. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Kacheka mpaka kavua miwani. Kisha kamwita mzee Stefano, kamwomba radhi, mbele yangu tena. Mzee Stefano kamwambia hapana neno, mama, ila mbuzi naye aombwe radhi. Bi Veronika kasema mbuzi ana kesi ya uraia bado.

Nikauliza, je, mimi nirudishe funguo? Kafungua daftari la maombi. Kanionyesha mstari juu ya ukurasa, mwandiko wake mwenyewe: kikiombwa na watu kumi, maktaba ikitafute popote kilipo. Kasema, Mwanaidi, kimeombwa na watu kumi na mmoja. Nimeshajua kilipo. Kitoe.

Kanipa daftari jipya la mraba, jalada gumu. Nikiandike chote, mwandiko unaosomeka, kiwe na mwanzo na mwisho. Atakipiga muhuri na kukipa namba. Tukifungua mlango, siku hiyo hiyo nitawasomea watoto uani, kitabu mkononi, cha kweli. Nisipomaliza, kasema, nitawaambia mwenyewe wale watu kumi na mmoja, mmoja mmoja, tena bila barakoa waone sura yangu.

Nimerudi nyumbani mbio kama nimepasi mtihani.


Jumapili, 24 Mei

Idi. Pilau, kidogo lakini pilau. Sudi kavaa kanzu ya mwaka jana, imekuwa shati.

Nimempigia mama. Sudi kamwimbia bibi yake wimbo wa kunawa mikono, wote, mara mbili. Mama hakukata simu safari hii. Kasema muhogo umekubali mwaka huu, ameshaanza kuanika. Nikasema tuje? Kasema bado, mwanangu, mtoto ni mdogo. Mimi najua anaogopa. Hata kukemea alisahau.

Sudi kaniuliza, mama, kiboko bado yuko kwenye boti? Nikasema bado. Kasema na bibi yake anamsubiri tu?

Nikaenda kukagua sufuria ambayo haikuwa jikoni.


Alhamisi, 18 Juni

Shule zote zinafunguliwa tarehe 29! Na sisi mlango tunafungua siku hiyo hiyo. Bi Veronika kaninong'oneza, nikisoma vizuri, kazi ya dirisha na saa ya hadithi ataniombea iwe yangu. Kweli kweli.

Kurasa kumi na nne nimeandika. Mwandiko si konokono tena—labda kenge. Ila mwisho sina. Nimemvusha kwa ndege, Sudi kakataa. Nimemfanya aogelee kapu kichwani, Sudi kasema makopa yamerukiwa na maji, nimeona. Nimeandika korona ikaisha, akavuka. Sudi kasema imeisha lini? Mkaguzi gani huyu!


Jumatatu, 29 Juni

Naandika nimejibanza nyuma ya dirisha, kalamu inateleza kwa jasho. Mlango uko wazi! Nimeufungua mimi, komeo lilikuwa limekaza, tukalisukuma na mzee Stefano. Wasomaji kumi tu ndani kwa zamu, viti mbalimbali. Watoto uani, kila mmoja juu ya kipande chake cha jamvi, kwenye zile zile sehemu tulizoanikia vitabu. Bi Veronika kasema wageuzwe kila nusu saa.

Wamekuja kumi na saba. Mtoto wa Mama Pendo kaketi mbele kabisa, kashika tama. Baba wa herufi kubwa naye yupo, mtu mzima na tai yake! Kitabu kiko mapajani mwangu. Muhuri kimepigwa, namba kimepewa. Ukurasa wa kumi na tano mweupe kama kanzu. Nimemwambia Bi Veronika. Kaniangalia juu ya miwani, kasema dakika tano, Mwanaidi, siongezi.

Nijaribu. Kiboko akasimama pale. Watu wote wakarudi nyuma. Halafu—

Halafu nini?

Mzee Stefano analeta kelele getini. Kuna mama kafika na bodaboda, hataki kunawa. Anasema anawe vipi na mikono yote miwili ina kapu? Mzee kamwambia tua chini. Anasema chini kumelowa, makopa haya nimeyageuza wiki mbili. Amshikie nani? Wenye foleni wamerudi nyuma wote, hakuna anayetaka kushika kitu cha mtu. Sasa anagombana na ndoo.

Makopa!

Ngoja. Ile sauti naijua. Kusini yote hakuna mwingine anayegombana na ndoo namna ile. Na alisema nani kakwambia nakuja!

Sudi katoka mbio kwa bibi yake, kawaruka watoto wote. Kashika kapu upande mmoja, limemzidi, linaegemea tope. Mama! Mama, njoo, si ndiyo kiboko huyu! Bi Veronika naye ananiita. Nakuja, nakuja, niandike kwanza mstari mmoja, ndiyo huu—watu wote wakarudi nyuma, halafu akatokea mtu mmoja mdogo, akashika kapu upande huu, na upande wa pili akashika mama yake—