Kaburi la Baba Katika Ramani ya Mji

Nyamasaria, Kisumu
Agosti 1988

Ndugu yangu mpendwa Wanyonyi,

Pokea salamu zangu na za Mama, pamoja na za wanangu, ambao kila siku wanabishana kama kweli huko Magadi kuna ziwa la kutembea juu yake kwa miguu. U hali gani na joto la huko? Na ule mguu, umepona? Sisi tunapumua, na kwa sasa hilo tu ndilo ninaloweza kukuambia bila kuongopa. Barua hii usiisome kazini. Nenda nayo nyumbani, ukae chini.

Unakumbuka Baba alivyokataa kuzikwa Kimilili, mwaka ule wa njaa. Ukoo ulikasirika mpaka Baba mdogo Situma akaondoka matangani bila kula. Lakini Baba alikuwa na sababu yake. Kwetu nani huuliza karatasi? Wazee wakija kuamua ugomvi wa mpaka, huuliza tu kaburi la nani liko wapi, na mwenye mzazi wake ardhini ndiye mwenye shamba. Baba akasema kiwanja hiki atakilinda yeye mwenyewe, sisi tulale bila wasiwasi. Tukamzika nyuma ya jikoni, tukampigia sementi, na kweli tulilala.

Basi mwezi wa tatu chifu akaita baraza. Alikuja afisa wa mipango ya mji, Bwana Idd, kijana mpole wa pale mjini, Kiswahili chake kinatushinda wote. Akatandaza ramani mezani, rangi tele kama kitenge. Alitueleza kwamba mji usio na sheria za ujenzi ni kama kupikia ugali na kufulia nguo kwa sufuria moja. Sheria zipo ili kiwanda cha ngozi kisijengwe ubavuni mwa shule, gari la zimamoto lipate njia, na choo cha mtu kisimwagikie kisima cha jirani. Haya, nani atapinga hayo? Hata mimi nilipiga makofi. Jirani yetu Dorca akauliza sheria hizo zinagusa nini hasa, akajibiwa kwamba zinagusa kila kitu kinachosimama juu ya ardhi ya mji na kila kinachochimbiwa ndani yake. Nikamtania Bwana Idd kama na kuku wangu wamo. Akasema wamo, tena wingi wao unategemea rangi. Tulicheka, wee!

Kicheko kilikatika tulipoonyeshwa rangi yetu. Njano ni makazi ya watu. Sisi tumeangukia zambarau, viwanda na maghala, kutoka barabara ya Nairobi mpaka mtoni, na ndani ya zambarau haruhusiwi mtu kuishi. Alisema wenye nyumba watafikiriwa viwanja upande wa njano, na kwamba atapita kila boma kuandika kilichopo.

Siku aliyofika kwetu na wenzake, Mama alivaa nguo yake ya kanisani. Hakumwonyesha nyumba wala choo. Alimshika mkono akampeleka moja kwa moja nyuma ya jikoni, akamwambia mwenye kiwanja ndiye huyu, aongee naye. Mimi nilisimama kando kifua mbele, nikijua tumeshinda. Yule kijana aliomba dua kwa sauti ya chini. Halafu akatuambia, kwa huruma kabisa, heri asingeliona. Ndani ya mpaka wa mji hakuna rangi inayoruhusu mtu kuzikwa nyumbani kwake. Nyumba yetu ingeweza kusubiri hata miaka, lakini kaburi halisubiri, watu wa afya watataka liondolewe. Na kunyamaza hawezi, maana wenzake aliokuja nao wameliona pia. Wanyonyi, ni sisi wenyewe tuliowapeleka pale. Hakuna aliyetuuliza.

Nilipanda mpaka Kimilili kumwomba Baba mdogo Situma tumrudishe Baba nyumbani. Alinipa chai, hakunitukana. Akanipeleka kando ya nyumba ya Babu akanionyesha. Kumbe mwaka ule tulipomzika huku, ukoo ulizika shina la mgomba mahali pake, kama anavyofanyiwa mtu aliyepotelea majini, wakanyoa nywele, wakamaliza matanga. Kwao Baba ameshazikwa, na kumzika mtu mara ya pili ni kuita kifo kingine mlangoni. Nilipiga magoti, nikalia kama mtoto. Akasema ni mila, si hasira. Uongo! Ni vyote viwili, lakini ningefanya nini?

Sasa jambo lenyewe. Baba hayuko tena nyuma ya jikoni. Walikuja wiki iliyopita, vibarua na askari na sanduku jipya. Kwa mila ni wewe mwana wa kwanza ungepiga jembe la kwanza, lakini Mama alinikataza kukupelekea telegramu, akiogopa utaacha kazi uje upigane. Akashika jembe yeye. Mjane, kwenye kaburi la mumewe! Wanawake wote walifunika nyuso. Tumemlaza makaburi ya umma, kati ya watu tusiowajua. Viwanja vya njano navyo hatuvisikii tena, na Bwana Idd amehamishwa.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa hali chakula. Aliuliza neno moja tu, kama kando ya Baba pamebaki nafasi yake. Nilikwenda kuangalia. Wanazika kwa mstari, anayefuata anawekwa panapofuata, na tayari Baba ana mgeni kulia na mwingine kushoto. Nilirudi nikamwambia nafasi ipo, tena nzuri, yenye kivuli. Jioni ile akanywa uji. Sasa daktari anasema maji yamejaa moyoni, na hatakuwa nasi muda mrefu.

Nisalimie shemeji na watoto, na jirani yako yule Mkamba aliyetutumia asali. Mungu akulinde huko uliko. Mama mwenyewe anakusalimu sana, na ameniagiza nikuandikie kwamba ukija, kabla ya kitu kingine chochote, umpeleke akaione nafasi yake.

Mimi dada yako,
Nasambu