Ng'ombe wa Suguti Wanaolala Butiama

Bibi Matrida, shikamoo. Nakuandikia nikiwa Kigera hapa Musoma, nimejifungia na laptop, na nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kama unavyowashauri wengi wanaokuandikia, maana mwenyewe nimeshindwa. Mimi nasomea namna vijidudu vya magonjwa vinavyoshikana na mwili vilioingia, ila sishiki hadubini, nachukua majibu ya damu kutoka maabara naiambia kompyuta inichoree picha, vijiduara vyekundu ni vya kijidudu, vya bluu ni vya ng'ombe, na palipo na uzi kati yao ndipo kijidudu kilipoishika kinga ya ng'ombe na kuilaza, na kijidudu changu ni kile cha ndigana kali kinacholetwa na kupe, ambacho wewe Bibi umekifahamu kabla mimi sijazaliwa.

Basi picha ikatoka nzuri, ng'ombe wa Bunda nyuzi zimejaa kama utando wa buibui, wa Butiama na wa Suguti nyuzi chache, msimamizi wangu akaisifia sana, Ijumaa tunaionyesha kwa wafugaji pale Bunda, na kwa picha hiyo chanjo itaanzia Bunda, Suguti watasubiri msimu mwingine kwa kuwa ng'ombe wao wanaonekana wagumu. Lakini juzi nikawatenga wale kumi na wanane wa Suguti mmoja mmoja, nikakuta sita wana nyuzi nyingi kuliko hata wa Bunda, na kumi na wawili safi kabisa, na wote kumi na wawili mwenye mali ni Burito, na Burito ni baba yangu, na baba boma lake lina ng'ombe wanne tu, nimekua nikiwachunga!

Kumbe kumi na wawili hao kawaweka kwa rafiki yake Chacha, Butiama, miaka mingi. Fomu niliitunga mimi, nikaandika "Ng'ombe wa nani?" kama tunavyoulizaga kwetu, mabwana mifugo wakapita kwa Chacha kutoa damu, naye akajibu kwa uaminifu kuwa hawa ni wa Burito wa Suguti, na mimi nikajaza Suguti, kumbe wale sita tu ndio waliotolewa damu Suguti kwenyewe. Nilipompigia baba akasema, "Scholastika, hiyo kompyuta yako ni ya kuangalia wadudu, si ya kuangalia boma langu." Maana kaka yangu Ryoba anaposa kwa Mzee Luhende wa Bunda, na baba, ili mahari isipande, kawaapia kule kuwa hana ng'ombe zaidi ya wanne, na Ijumaa Mzee Luhende atakaa kiti cha mbele. Nikisema, namvua baba nguo mbele ya wakwe. Nikinyamaza, ndama wa Suguti hawachanjwi. Je, Bibi, nikiwafuta tu hao kumi na wawili kimyakimya, Suguti wabaki wale sita?

Scholastika, Kigera

*

Marahaba, mwanangu. Wamenisomea barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mara ya pili sikucheka.

Mimi sikukanyaga shule, kalamu naishikaga kama mwiko, hivi ninavyosema wengine wanaandika. Lakini ndigana naijua. Nimekaa zizini na ndama, matezi chini ya masikio yamevimba, povu linamtoka puani, kaweka kichwa kwenye mapaja yangu mpaka akatulia moja kwa moja. Huyo alikuwa na nyuzi ngapi? Sijui. Nilijua jina lake tu.

Sasa niambie wewe msomi. Kijidudu kisichoonekana kwa macho umekikuta kilikojificha ndani ya damu. Ng'ombe kumi na wawili wenye pembe na mikia wamejificha nyuma ya jina la baba yako, hukuwaona? Kupe wa Butiama anamuuliza ng'ombe baba yake nani? Anamkuta kwenye nyasi, anamng'ata, basi!

Na usinifutie hata mmoja. Ukiwafuta kimya, Luhende hatajua, sawa, na wewe utakuwa umeficha ng'ombe wale wale baba yako aliowaficha. Familia nzima itakuwa na kazi moja.

Fanya hivi. Mpigie msimamizi wako leo, mwambie picha ina kosa na kosa ni lako. Ataudhika, muache audhike, atakula na kulala. Kesho nenda Suguti kwa miguu yako, si kwa simu. Mpigie baba yako goti, umwambie: "Baba, Ijumaa kumi na wawili wanahamia Butiama kwenye picha. Una mpaka Alhamisi kwenda na Ryoba kwa Mzee Luhende, useme kwa mdomo wako." Atafoka. Wewe umsikilize, halafu umuoneshe ndama wa jirani.

Baba yako si mwizi, ni muongo wa posa tu, na hao tunao wengi. Kugawa ng'ombe kwa marafiki ni akili, ili ugonjwa ukiingia boma moja usikumalize. Mimi mwenyewe niliolewa kwa ng'ombe waliotoka maboma matatu, na mkwe alikuwa kaapa hana kitu.

Ndiyo maana nakuuliza jambo ambalo barua yako haikuuliza. Hao wa Bunda wenye nyuzi kama utando, wanalala Bunda kweli? Uliwauliza kwa fomu ile ile! Ijumaa, kabla hujawasha picha yoyote, simama mbele ya wazee useme kosa lako, kisha uwaulize kwa sauti: "Ng'ombe wenu wanalala wapi?" Ukiona wote wameinamia viatu vyao, na Luhende wa kwanza, jua baba yako hana aibu ya peke yake, na wewe una kazi ya kuanza upya.

Ila wale sita wa Suguti wana nyuzi, na wanalala Suguti. Hao huna haja ya kuwasubirishia picha nyingine. Waombee ndama wa Suguti chanjo siku hiyo hiyo, kabla hujakaa chini.