Majani Nyuma ya Jiko la Gesi

Kibosho, Alhamisi

Mama Swaumu, mke wangu,

Salaam aleikum. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua nje ya banda la ng'ombe, daftari liko gotini. Nipe kwanza habari za hapo. Goti la mama linamruhusu kwenda kisimani? Swaumu jino limeshatoka au bado analitingisha kwa ulimi? Uwele mmeupanda? Huku mvua inanyesha hata siku isiyotakiwa. Mimi mwili ni mzima, mgongo ndio unalia kwa kubeba majani ya ng'ombe kutoka bondeni, lakini moyo haujakaa sawa tangu Jumapili.

Sikutaka kukupigia. Ile simu ya jirani ukiipokea, nusu ya mtaa wanakusaidia kusikiliza. Na jambo lenyewe nataka ulipate kwangu kwanza, maana watu wetu wanaopanga vyumba Majengo, Moshi mjini, wameshasikia kwamba Athumani amemchoma moto mama wa bosi wake. Mmoja wao anakuja huko Jumamosi, na mdomo wake unaujua. Barua hii nitampa kondakta wa basi la kesho.

Nianze mwanzo ili usipotee. Wachaga mwisho wa mwaka hurudi wote kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee wao. Bosi wangu, Bwana Prosper, anakaa Dar. Alipiga simu wiki mbili kabla, akasema safari hii nyama haichomwi kwa kuni. Mama yake, Bibi Yustina, kifua chake hakiwezi tena moshi. Linunuliwe jiko la gesi la kuchomea nyama, likae uani. Mwenye kuamua ni dada yake, Dada Beata, na mimi nimfuate kwa sababu nilichomelea mageti Majengo miaka miwili, chuma nakijua.

Tukashuka Moshi mjini. Dukani yalikuwapo mawili. La kwanza refu, linang'aa kama sufuria ya harusi, lina mabomba sita ya moto ndani. Dada Beata akasimama mbele yake kama anajitazama kwenye kioo.

"Hili ndilo," akasema. "Shemeji zangu wakija wajue tumenunua kitu."

Nikaligonga mfuniko kwa kidole. Likalia kama debe tupu. Nikamwambia, "Dada, bati hili jembamba. Likipata moto wa kutwa mfuniko utapinda. Na huu wavu ni waya, nyama ya mbuzi ikishika hapa utaibandua kwa tindo."

"Wewe Athumani unachagua jiko au unachagua geti?"

"Vyote ni chuma, Dada."

La pili lilikuwa fupi, jeusi, mabomba matatu tu, wavu wake chuma kizito, na mfuniko ukitaka kuuinua lazima uweke mkono wa kweli. Chini lina trei ya kukingia mafuta, ndefu na yenye kina, mafuta hayawezi kumwagikia moto. Magurudumu mawili, miguu haitikisiki. Dada Beata akalizunguka mara tatu amekunja uso.

"Linafanana na jeneza la mbuzi," akasema. Lakini akalichukua hilo.

Muuzaji alikuwa mzee mmoja mkali. Akauliza nani atalitumia. Dada Beata akaninyooshea kidole. "Basi wewe ndiye nitakayesema nawe," akaniambia, "na utarudia." Nikarudia kama mtoto wa madrasa. Mtungi usimame wima, pembeni, usikae chini ya moto. Kila ukifunga mpira wa gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanavimba usiwashe. Mfuniko ufunguliwe kabla ya kuwasha. Moto ukizimika wenyewe, funga gesi, acha mfuniko wazi, ngoja upepo upite ndani, ndipo uwashe tena. Halafu akanigeuzia jiko mgongo, akanionyesha matundu ya nyuma na ya chini.

"Hapa ndipo linapopumulia. Ukipaziba, gesi inakaa ndani inakusubiri wewe."

Hayo nimeyaandika ili ujue kwamba nilifundishwa. Sikudanganyi kwamba sikujua.

Jiko lilipofika, Bibi Yustina alilipenda kuliko wote. Lina kitufe cha kuwashia, ukikibonyeza linatoa cheche na moto unashika bila kiberiti. Bibi akawa anakuja uani kubonyeza tu, gesi ikiwa imefungwa, tik, tik, anacheka peke yake. Ijumaa nikamwambia kwa adabu, "Bibi, shikamoo, naomba kitufe hicho tusikichezee." Dada Beata alikuwa anapita na kapu la ndizi.

"Athumani, unamfundisha mama yangu jiko? Hizo ndizi unazokula kila siku unapikiwa na nani?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikarudi kukata majani. Neno hilo likanikaa kooni kama mwiba wa samaki, na lilikuja kunigharimu.

Jumapili baada ya misa wageni walijaa. Mbuzi nilichinja mimi, kwa sababu mkwe wao mmoja ni Mwislamu na hapa wanataka kila mgeni ale. Nikapaka povu kwenye mpira, nikafungua mfuniko, nikawasha. Mbavu zikaanza kulia vizuri, moshi hakuna, Bibi akavuta kiti karibu. Bwana Prosper akapiga picha. Nikapunguza moto, nikawa nageuza nyama.

Hapo nikaitwa kwenye kidari. Kidari cha mbuzi kwa hawa watu hakikatwi ovyo, ni haki ya mkubwa wa ukoo, naye ni Baba Mkubwa Aloyce, na lazima kikatwe mbele ya macho yake. Nikaacha jiko. Hapo katikati upepo ukaanza kushuka kutoka mlimani, ule wa baridi unaopindua majani ya migomba yote upande mmoja.

Niliporudi na sinia la nyama nyingine, mfuniko ulikuwa umefungwa. Nyuma ya jiko, kwenye yale matundu, na chini yake kuzunguka, yalikuwa yamepachikwa majani mabichi ya mgomba, yamekunjwa na kubanwa vizuri kabisa, kama wanavyofunika chungu cha ndizi mvuke usitoke. Bibi Yustina alikuwa anafuta mikono kwenye kanga.

"Upepo ulikuwa unakula moto wangu," akasema. "Sasa utatulia."

Mama Swaumu, niliyaona. Niliyaona na nikajua. Mdomo nikaufungua kabisa, lakini nikaona wageni wale wote wamekaa, Dada Beata yupo, na mimi ni mtu wa kukata majani. Nikajiambia nikiweka sinia mezani nitayachomoa taratibu bila mtu kujua. Nikageuka. Hatua nne, tano.

Nyuma yangu Bibi akasema, "Mbona kimya? Jiko halinung'uniki tena, moto umezimika." Nikasikia tik.

Haikulia kwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu mkubwa ameguna. Mfuniko ukaruka, moto ukatoka ubavuni, ukamshika mkono wa kulia na ncha ya kanga. Nilitupa sinia chini. Nikamvuta, nikaivua ile kanga, nikafunga mtungi, nikauzamisha mkono wake kwenye ndoo ya maji ya ng'ombe na kuushikilia humo. Hakupiga kelele. Alinitazama tu usoni muda wote, na mimi nikawa natazama maji.

Watu wakaja mbio, wakayakanyaga majani yale. Uani palikuwa pamejaa majani ya mgomba, ya kutandikia nyama, ya kukalia. Nani angeyatofautisha.

Bibi wakampeleka zahanati. Bwana Prosper akabaki na mimi, ukoo wote umesimama.

"Athumani, hapa nani alifundishwa hili jiko?"

"Mimi, bosi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Sasa mama yangu aliachiwaje?"

"Nilikuwa nimeitwa kwenye kidari."

"Kwa hiyo kidari ndicho kilichomchoma?" Hakuna aliyecheka. "Unamwokota mtu huko anakotoka, unamlisha, halafu anakuchomea mama. Kaa bandani. Usitoke getini. Bibi akizidiwa, mtajuana na polisi."

Ningeweza kusema habari ya majani. Lakini ningemtaja mama wa watu ambaye ndiyo kwanza amepakiwa garini, na swali la pili lingekuwa, wewe uliyaona? Nikafunga mdomo kwa mara ya pili siku hiyo.

Bibi alirudi jioni ile ile, mkono umefungwa bandeji mpaka kiwiko. Sikuitwa. Jumatatu nililisha ng'ombe, nikakamua, maziwa nikaacha mlangoni. Jumanne vivyo hivyo. Chakula kililetwa na Dada Beata mwenyewe, anakiweka juu ya ukuta wa banda bila neno. Jiko limesimama katikati ya uani limefunikwa turubai, watu wanapita mbali nalo kama kuna mbwa mkali. Niliwaza kutoroka. Nikakuwaza wewe, nikawaza vile utakavyoulizwa kisimani. Aliyekimbia ndiye aliyefanya, ndivyo wangesema, hapa na huko.

Jana asubuhi Bwana Prosper akaja bandani. Mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Isale ni ule mmea wa majani marefu wanaoupanda mipakani na makaburini. Mtu akikuletea jani lake anakuomba msamaha, na hapa mlimani halikataliwi, hata kama alikuulia ndugu. Lakini sijawahi kusikia bosi analipeleka kwa kibarua. Yeye mwenyewe alilishika vibaya, kwa vidole viwili.

"Mama amesema nikupe hili."

"Amesema nini tena?"

"Kwamba majani aliweka yeye. Kitufe alibonyeza yeye." Akalisogeza jani karibu yangu. "Na kwamba nisirudi ndani kabla hujalipokea."

Nilitamani kulipokea hapo hapo yaishe. Lakini mikono haikuinuka.

"Bosi, ulinisema uani," nikamwambia.

"Najua."

"Basi naomba nilipokelee uani."

Alinitazama sana. Nikadhani nimeharibu kila kitu. Kisha akageuka, nikamfuata. Akawaita wote, hata waliokuwa wanakunywa mbege, pombe yao ya ndizi, nyuma ya nyumba. Akarudia maneno yale mbele yao, polepole, akanipa jani kwa mikono miwili. Baba Mkubwa Aloyce akasema, "Mbuzi mwingine yupo. Washa jiko."

Watu wote wakarudi nyuma mpaka kwenye mibuni. Bwana Prosper naye. Nikaondoa turubai. Mfuniko ulikuwa umepinda kidogo tu pembeni. Nikapaka povu, nikatazama kila ungio. Nikapitisha mkono kwenye matundu yote, nyuma na chini. Nilipoinua mfuniko nikasikia hatua. Bibi Yustina amekuja, akasimama ubavuni kwangu, yeye peke yake.

"Rudi nyuma kidogo, Bibi."

"Sirudi."

Nikasema kwa sauti ya chini, maana nisingelisema saa hiyo nisingelisema kabisa. "Bibi, yale majani mimi niliyaona. Kabla hujabonyeza."

"Najua," akasema. "Nilikuona unayaangalia."

Yeye akaendelea kutazama jiko.

"Siku ya kwanza nilikaa nikisubiri uje useme. Siku ya pili nikasubiri. Kisha nikaona aibu, kwa sababu na mimi nilikuwa nimenyamaza, na wewe ndiye uliyekuwa unalala na ng'ombe. Siku nyingine useme, baba. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi."

"Nimesikia, Bibi."

"Haya. Washa."

Nikawasha. Moto ukashika bomba la kwanza, la pili, la tatu, mdogo na wa bluu. Nyama ilipoiva Bibi alipelekewa kipande chake, akakirudisha, akasema hakijaiva vizuri karibu na mfupa. Nikajua tumerudi kazini.

Bwana Prosper ameniomba nibaki mpaka kahawa ivunwe. Sijamjibu. Nakuuliza wewe kwanza, uniambie kweli, siyo unachodhani napenda kusikia. Na huyo mtu wa Majengo akifika, akisema ni mimi niliyemchoma bibi, usigombane naye na usiseme sikuhusika. Mpe hii barua aisome mwenyewe, mpaka hapo nilipoyaona majani nikanyamaza.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie nimemnunulia dawa ya kuchua goti, kondakta atakuwa nayo. Msalimie kaka Idi, mwambie ule uzio asiufunge kwa waya wa zamani. Msalimie shangazi wa kisimani na mwalimu aliyeniandikia jina langu mara ya kwanza. Swaumu mbusu shavuni upande ule wenye jino.

Wako anayekukumbuka, mikono inanuka sabuni na mafuta ya mbuzi,

Athumani