Fundi Anayetazama Mlango

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa kazi na baridi ya huko. Natumaini kifua kimepona na ile dawa unaimeza, maana wewe na dawa ni paka na panya. Huku tu wazima wa mwili. Mama mguu umetulia, na jana kagombana na jirani hadi wa nyumba ya tatu wakasikia, kwa hiyo ujue nguvu anazo. Wanao wanarefuka. Mkubwa kila suruali inamwishia juu ya vifundo.

Barua hii nampa mwenzako dereva, anayerudi huko leo saa nane mchana. Simu siiamini tena. Nakuomba usome taratibu, hata kama utanichukia kabla hujafika mwisho. Nimemtia mtu hatarini, kaka, na maji yamenifika shingoni.

Unajua nilipewa kazi ya kuandaa utafiti kuhusu watu wanavyoishi na hofu tangu lile bomu la sokoni. Si utafiti wa kujaza visanduku. Unakaa na mtu, unamsikiliza, unaandika maneno yake kama alivyoyasema. Swali langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilimuuliza kila mmoja anaogopa nini, na kila mmoja akanijibu kwamba haogopi kitu, ya Mungu mengi, kisha akatazama saa. Nikalitupa. Nikaanza kuuliza siku hizi mtu anakaa upande gani wa duka lake. Hapo midomo ikafunguka. Muuza vifungo alikiri amehamisha kiti chake mara nne na bado hajapata mahali.

Mshiriki wa saba alikuwa fundi cherehani. Mafundi wenzake wote hushona dirishani, penye mwanga. Yeye cherehani yake ameisukuma hadi ukuta wa nyuma, anawasha taa mchana kweupe, ili autazame mlango. Nilipomuuliza sababu alisimamisha cherehani. Kisha akasema siku ile alimwona aliyeuweka mfuko wa bomu chini ya meza ya jirani. Ni mteja wake, aliwahi kumpunguzia suruali. Hajawaambia polisi wala mtu mwingine, na yule mtu bado hupita pale na kumsalimia. Aliniruhusu niandike, mradi asijulikane.

Nikaficha jina, umri, hata aina ya nguo anazoshona. Msimamizi wangu alipoisoma rasimu alizungushia wino mwekundu ile sentensi ya cherehani na mlango, akaniagiza niikate. Nilimwambia nimeikata. Sikuikata. Niliona ndiyo roho ya ripoti nzima, nikataka wasomaji wasisimke na kuniuliza niliipataje. Ni sifa tu, kaka, sina neno lingine la kuiita.

Kwenye kikao tuligawa nakala thelathini kwa viongozi wa soko, polisi na wafadhili. Walipiga makofi. Nakala zikaondoka mikononi mwa watu na sikumdai hata mmoja airudishe. Siku ya tatu nikauona ukurasa wangu umepigwa picha, unazunguka kwenye simu.

Juzi muuza vifungo alinipa habari njema, yaani yeye aliiona njema. Alisema fundi wetu atapata kazi kubwa, kuna mwanamume kaja kumuulizia. Hakumtaja kwa jina. Alimuulizia fundi anayeshona akitazama mlango. Kwa bahati fundi alikuwa shuleni, akichukua vipimo vya sare. Yule mtu akasema atarudi. Tangu hapo mtu akibisha hodi nachungulia dirishani kwanza.

Huenda umeshamtambua fundi huyu. Kama bado, ni kwa sababu alikuambia alifunga duka baada ya bomu na sasa anashonea nyumbani. Si kweli. Alirudi sokoni wiki ya tatu, akatuapisha sote tusikwambie, usije ukaacha kazi kwa wasiwasi. Ni mkeo, kaka. Ile fomu ya ridhaa aliitia sahihi bila kuisoma, akacheka kwamba wifi yake hawezi kumuuza.

Na bado sijamwambia. Jana na leo asubuhi nimekwenda dukani kwake, nimekunywa chai yake, nimesifu mishono yake, nimeondoka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo si changu.

Nilianza kuandika nikitaka wewe ndiwe umwambie. Lakini barua itakufikia keshokutwa, na yule mtu hakusema atarudi lini. Kwa hiyo nikishampa dereva bahasha hii nakwenda sokoni moja kwa moja. Nitamwambia yote, tuwachukue watoto shuleni na Mama nyumbani, tuondoke. Tunakokwenda sikuandiki. Akitaka kwenda polisi nitafuatana naye, na kosa nitalisema kwamba ni langu. Asiponisamehe, sitamlaumu.

Mama anakusalimu, hajui lolote. Watoto nao wanakusalimu sana, mdogo anauliza kama huko kuna mbwa.

Ukipigiwa na namba usiyoijua, pokea, wala usitaje jina la mtu. Ikifika Jumamosi hujapigiwa, njoo.

Ni mimi mdogo wako,
Kiherehere